Kuvunja utils.py bila kuangusha programu za timu nyingine

kitenge_dev: Wakuu, heshima kwenu. Tuna maktaba ya ndani ya Python, `malipo`, inayotumiwa na timu tatu. Kila kilichokosa mahali kimerundikwa kwenye `utils.py`. Sasa kuiingiza (import) kunagoma: `cannot import name 'soma_kiasi' from partially initialized module 'malipo.utils'`. Naigawaje?

Fundi_Mitambo: Huo ni mzunguko, mkuu. `utils` inaingiza `ankara`, na `ankara` inarudi kuomba `soma_kiasi` kabla `utils` haijasomwa ikafika hapo. Usihamishie import ndani ya fankshoni. Hitilafu itanyamaza, mzunguko utabaki. Gawa kwa kazi: mambo ya fedha `kiasi.py`, ya siku `tarehe.py`. Hizo mbili zisiingize chochote cha `malipo`. `ankara` iziingize, kinyume chake marufuku. Na kama moduli inakataa jina lolote isipokuwa `common` au `helpers`, imebeba mambo yasiyohusiana, igawe tena.

bi_nyoka: Kwenye majina, PEP 8 (mwongozo wa mtindo wa kuandika Python) inataka herufi ndogo na ufupi. Ukibadili `Kiasi.py` kuwa `kiasi.py` ukiwa Windows, Git (inayotunza historia ya msimbo) inaweza isilione badiliko, halafu seva ya Linux ikakosa moduli. Tumia `git mv`. Pia usiite moduli `calendar.py`. Ndani ya `malipo` haina shida, hadi mtu aendeshe `python malipo/ankara.py`: folda hiyo inatangulia kwenye `sys.path` (orodha ya mahali Python inapotafuta moduli), na yeyote anayetaka `calendar` ya Python anapewa yenu. Endesheni `python -m malipo.ankara`.

Fundi_Mitambo: Ili timu nyingine zisianguke, bakiza `utils.py` kama daraja (Python 3.7 kuendelea):

```python
import warnings

def __getattr__(jina):
    if jina == "soma_kiasi":
        warnings.warn("tumia malipo.kiasi",
                      DeprecationWarning, stacklevel=2)
        from malipo.kiasi import soma_kiasi
        return soma_kiasi
    raise AttributeError(jina)
```

`stacklevel=2` inaelekeza onyo kwenye mstari wa aliyeita. Kwa kawaida Python huficha onyo hili nje ya `__main__` (faili linaloendeshwa moja kwa moja), ila pytest (chombo cha kuendesha majaribio) hulionyesha, kwa hiyo waambieni wenzenu waangalie huko.

kitenge_dev: Asante sana. Daraja tuliondoe lini?

bi_nyoka: Kwenye toleo kubwa lijalo, si kabla. Tafuteni kwanza `patch("malipo.utils.soma_kiasi")` (inayoweka fankshoni bandia kwa muda wa jaribio) kwenye majaribio yote: daraja likiwapo, patch hiyo inapita kimya bila kugusa `ankara`, na jaribio linaita fankshoni halisi. Vilevile, kama kuna klasi iliyohamishwa, faili za pickle (vitu vya Python vilivyohifadhiwa kwenye faili) za zamani zimeandika njia ya `malipo.utils`, daraja likiondoka hazifunguki.