Naomba ushauri: salamu za kukumbatiana kwenye dansi

Wadau, darasa letu la salsa na kizomba hapa Kisumu lina wageni wa Ufaransa wanaosalimu kwa busu la shavuni, huku na huku. Wenyeji wengi hutoa mkono tu, na kwa desturi ya Wajaluo mwanamume na mama mkwe wake hawakumbatiani. Basi anayeleta shavu hukutana na mkono tumboni. Aibu tupu!

Pendekezo: mkono ukinyooshwa, pokea mkono, ukikumbatia, iwe kwa bega na uachie upesi. Kizomba huchezwa kifua kwa kifua, ila wimbo ukiisha mkono wa mgongoni utoke mara moja; ukikawia, hapo ndipo malalamiko huanzia.

Je, tubandike mlangoni au mwalimu ataje kabla ya kupasha misuli? Na mwenye shati lililolowa jasho, aambiweje?