Betri ya boti inakufa ikikaa nangani siku tano: betri kubwa, swichi ya kukata umeme, au sola?

Kasia Moja
Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nina boti ya fiba, mashine ya HP 60 inayowashwa kwa stata. Nikiiacha nangani Jumapili jioni, Ijumaa nikigeuza ufunguo nasikia tk tk tk tu. Nikiichaji betri nyumbani, mashine inawaka mara moja kama mpya. Betri ni ya maji, Ah 70 (ampea-saa, yaani kiasi cha chaji inachobeba), ina miaka miwili. Kwenye boti kuna redio ya VHF, kipima kina, taa, na pampu ya kufua maji ya ngama (yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti), ile yenye boya, inayojiwasha yenyewe maji yakilinyanyua.

Nimeshauriwa mambo matatu na kila mtu anaapia lake: ninunue betri ya Ah 100, nifunge swichi ya kukata umeme, au niweke paneli ya sola ya wati 20. Nyie mngeanza na lipi?

Nahodha Mstaafu
Swichi, hakuna mjadala. Nikishuka nageuza kitasa, boti inabaki gogo. Redio na kipima kina hata ukivizima huwa vinadonoa chaji kidogo kidogo. Ila usikigeuze kitasa mashine ikiwa inanguruma. Ukiitenga betri wakati mashine inachaji, umeme wa koili, zile nyaya za mashine zinazouzalisha, unakosa pa kwenda, volti zinapanda ghafla na rektifaya, kile kifaa kinachougeuza umeme huo ufae kuchaji betri, inaungua. Nimeshaunguza moja kwa haraka zangu, ndiyo maana nasema.

Bi Tanga
Mimi ni sola. Swichi inazuia chaji isitoke, lakini iliyokwisha kutoka hairudishi. Na betri ya maji hujipunguza yenyewe hata ikiwekwa kabatini, joto likizidi ndiyo inapungua haraka. Wati 20 kwenye jua kali ni ampea moja na kidogo. Weka na kidhibiti chaji, usiiunge moja kwa moja, maana paneli nyingine usiku hugeuka zikanyonya chaji ya betri.

Fundi Waya
Mgonjwa hajapimwa, dawa tatu ziko mezani.

Kaka, tafuta mita. Chaji betri ijae, ilale usiku mzima bila kuunganishwa na kitu, asubuhi pima. Ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki kama robo. Kisha mtu akuwashie wewe ukitazama mita: stata ikizunguka, volti zikishuka chini ya 9.6 betri yenyewe imechoka. Mashine ikishawaka, ongeza mafuta uone kama zinapanda kufika kati ya 13.8 na 14.5. Usihukumu kwenye sailensa, yaani mashine ikinguruma taratibu bila kuongezwa mafuta; hapo mashine nyingi za kufungwa nyuma ya boti huchaji kiduchu, na anayevua kwa mwendo wa kutambaa siku nzima anaweza kurudi na betri pungufu kuliko alivyoondoka nayo.

Halafu kipimo chenyewe. Zima kila kitu, fungua waya wa hasi kwenye betri, ingiza mita katikati ya waya na betri, kwenye tundu la ampea 10. Ufunguo usiuguse hapo, utalipua fyuzi ya mita. Ikisoma chini ya 0.05 haina neno. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Zikiisha zote na bado kuna kinachokula, chomoa soketi ya rektifaya: diodi iliyokufa ndani yake hurudisha umeme kwenye koili kimya kimya, na hakuna taa itakayokuonyesha.

Kasia Moja
Nimepima yote. Ikiwa imelala 12.64. Stata ikizunguka 10.3. Sailensa 13.1, mizunguko 2,500 inasoma 14.2. Na ile ya ampea ni 0.02 tu! Sasa nani anakula chaji? Nimechoka, nataka kununua hiyo Ah 100 yaishe.

Fundi Waya
Usinunue. Hapo kwenye ampea, ulitazama mita kwa muda gani?

Kasia Moja
Kama nusu dakika.

Mchota Maji
Nusu dakika! Mwizi wako anakuja kwa zamu. Rudi ukiunge hicho kipimo tena boti ikiwa majini, zima simu, kaa chini dakika kumi bila kuongea na mtu. Mimi namshuku mwenye boya.

Kasia Moja
Mchota Maji, wewe ni mchawi.

Nimekaa. Mita 0.02, 0.02, nikaanza kusinzia. Ghafla chini ya mbao kitu kikanguruma, mita ikaruka 3.0, na pembeni ya boti maji yakatoka kamkondo kembamba kama kidole. Sekunde 15 hivi, kimya. Nikadhani imemaliza. Dakika mbili hazijaisha, tena. Nimehesabu mara tano. Nimefunua mbao, maji kwenye ngama hayafiki hata kifundo cha mguu.

Fundi Waya
Hapo sasa. Sekunde 15 katika kila dakika mbili ni sehemu moja ya nane. Ampea 3 gawa kwa 8, unapata kama 0.375 kila saa inayopita. Kwa siku ni Ah 9, siku tano ni 45. Kwenye betri ya 70 ambayo kwa umri wake haibebi tena 70 kamili, unategemea stata izunguke na nini?

Mpira wako wa kutolea maji ni mrefu, ndiyo? Pampu ikizima, maji yaliyobaki ndani ya mpira yanaporomoka kurudi ngamani, yanainua boya, pampu inawaka, inayasukuma yaleyale. Inafua maji yaleyale usiku kucha.

Kasia Moja
Mpira una mita tatu na ushee, umezungushwa nyuma ya tangi. Basi niweke valvu ya kuzuia maji yasirudi?

Nahodha Mstaafu
Weka. Rahisi.

Mchota Maji
Samahani mzee wangu, hapo nakupinga. Valvu kwenye pampu ya ngama ni mtego. Kipande cha jani au uzi wa nyavu kikikwama, pampu itanguruma na maji hayatoki, utajua boti ikishakaa chini. Afadhali afupishe mpira, atumie ule laini kwa ndani, na boya alipandishe kidogo kusudi maji yanayorudi yasitoshe kulinyanyua.

Fundi Waya
Namuunga mkono. Na tukirudi kwenye swali la kwanza: swichi ya Nahodha ni kitu kizuri, ila isingeigusa hii pampu, kwa sababu pampu ya ngama inaungwa juu ya swichi, moja kwa moja betrini kupitia fyuzi yake. Mtu asije akakushauri uihamishie chini ya swichi ili uokoe chaji. Utaokoa betri, boti iende chini. Sola ingekufichia ugonjwa mpaka wiki ya mawingu. Ah 100 ingekupa siku tatu zaidi za kudanganyika, basi.

Bi Tanga
Ingemfichia, sawa, lakini boti inayokaa nangani siku tano na pampu inayojiwasha inahitaji kitu cha kurudisha chaji. Pampu ikifanya kazi ya halali nayo inakula. Sola yangu siiondoi mezani.

Fundi Waya
Hilo sikatai, dada. Nasema tu ije baada ya kuziba, si kabla.

Kasia Moja
Mrejesho. Nimekata mpira, sasa hauzidi mita moja na nusu, na boya nimelipandisha vidole viwili. Nilipofungua nikakuta na terminali ya hasi ina ukungu wa kijani, nimesugua mpaka ikang'aa na zile nati za masikio nimezitupa, nimefunga za kukaza kwa spana. Ijumaa hii kabla ya kugusa ufunguo nimepima: 12.51. Imewaka mara ya kwanza. Swichi nimeagiza kwa ajili ya redio na kipima kina, sola nangoja mwezi ujao.

Mchota Maji
Safi sana. Sasa niambie, hayo maji ya kwanza yaliingilia wapi?

Kasia Moja
Nilijua utauliza. Boliti moja ya chini inayoshika mashine inatoa machozi. Kesho naipandisha boti nchi kavu.