Tupeane uzoefu: Mliopasuliwa neva ya kiwiko, vidole vilianza kurudi lini?

Mtu wa Makulu (mleta uzi)

Wakuu, mbukwenyi kutoka Dodoma.

Nimefanyiwa upasuaji wa neva ya ulna mkono wa kulia, ile inayopita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, ambayo ukijigonga mkono wote unapigwa shoti. Kabla ya hapo kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete vilikuwa vimekufa ganzi, na nyama ya kati ya dole gumba na kidole cha shahada ikabonyea hadi watu wakawa wananiuliza kama naumwa.

Mshono umekauka vizuri. Usiku nalala, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Ila vidole bado vizito. Tonge la ugali wa uwele namega, kasheshe ni mlenda, unaniponyoka kabla haujafika mdomoni na watoto wanacheka.

Daktari anasema nisubiri. Nyumbani kila mtu ana lake: shemeji anasema upasuaji umefeli, mama mkwe anataka nikandwe na maji moto. Tiba sitafuti humu, daktari ninaye. Nataka waliopita njia hii waniambie nini kilitangulia kurudi, nini kikafuata, na nini hakikurudi kabisa. Mkitaja mlikaa na ganzi muda gani kabla ya kisu, mtanisaidia zaidi.

Dereva wa Kibaigwa

Pole mkuu. Mimi naendesha roli la mahindi, na kazi ya kiwiko cha kulia ilikuwa kukaa dirishani kutwa nzima. Sikukaa na ganzi muda mrefu, miezi michache tu, nikapasuliwa. Kile kichomi cha usiku kiliisha karibu papo hapo. Ganzi ikapungua kidogokidogo, wiki hadi wiki, mpaka siku moja nikagundua siifikirii tena. Nguvu sikuwahi kupoteza nyingi.

Kitu kimoja ambacho hawakuniambia: ngozi pembeni ya kovu bado haina hisia vizuri. Ukinigusa hapo nahisi kama kupitia nguo. Nilipouliza nikaambiwa kuna vineva vidogo vya ngozi vinapita hapo na mara nyingi huguswa wakati wa kupasua. Hainisumbui. Dirisha siku hizi nafunga.

Fundi wa Majengo

Kaka wa Makulu, mimi ndiye wa kukusikiliza maana yangu inafanana na yako, tena yangu ilikaa miaka. Nashona, na kiwiko kinalala juu ya meza ya cherehani siku nzima. Nilipofika kwa daktari alinipa karatasi niishike kati ya dole gumba na kidole cha shahada, yeye akaivuta. Dole gumba likajikunja lenyewe kwa kuhangaika kuishika. Akasema hapo msuli wa kubana umeshaanza kufa.

Sasa mpangilio ulivyokuwa kwangu.

Maumivu ya usiku yalikatika mapema, kama kwako. Halafu kikaja kipindi kirefu ambacho hakuna kitu. Kimya. Hapo ndipo watu wanakata tamaa. Baadaye mkono, sehemu ya kati ya kiwiko na kiganja, ukaanza kutambaliwa na sisimizi, na mara moja moja shoti kali inashuka hadi kidoleni bila mimi kugusa kitu. Niliogopa, nikarudi kliniki mbio. Daktari akafurahi! Akasema neva iliyolala haichomi. Aliniandikia amitriptilini kidogo ya usiku kwa sababu nilikuwa sipati usingizi tena.

Nguvu ilirudi kuanzia juu. Kwanza kukunja ncha ya kidole cha mwisho, maana msuli wake uko karibu na kiwiko. Kiganja kikafuata baadaye sana. Kupanua vidole ndiyo ilikuwa ya mwisho, na haijakamilika mpaka leo.

Hisia nazo zilirudi kwa vituko. Mwanzo nilitambua moto na baridi, lakini kitambaa cha hariri na gunia vilikuwa kitu kimoja. Nikawa naingiza mkono kwenye bakuli la uwele mkavu, nachezacheza. Nikawa naweka mfukoni sarafu ya 50, ya 100 na ya 200, natafuta bila kuangalia. Hilo la sarafu fanya, linasaidia kuliko unavyodhani. Ubongo unahitaji kufundishwa upya kusoma kidole.

Kilichobaki: shimo la kati ya dole gumba na kidole cha shahada lilijaa nusu. Mkasi wa kukatia suti namwachia kijana wangu. Vifungo nashona mwenyewe.

Na hayo maji moto ya mama mkwe, kwa heshima zote, mkatalie. Kidole kisichohisi hakijui kinaungua. Mimi pasi ya mkaa iliniunguza nikajua kwa harufu.

Kijana wa Nkuhungu

Kwa harufu! Pole dada, lakini nimecheka kwa huzuni.

Mtu wa Fizio

Nafanya mazoezi tiba hapa mjini, niongezee kidogo kwenye maelezo ya fundi, kwa sababu ameeleza vizuri kuliko baadhi yetu.

Neva iliyobanwa huumia kwa namna mbili. Pengine limeharibika ganda la uzi wa neva tu, uzi wenyewe mzima. Hiyo ndiyo ya dereva: mgandamizo ukiondolewa, mambo hurudi ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu hivi. Pengine nyuzi zenyewe zimekufa kuanzia palipobanwa kwenda mbele. Hapo lazima ziote upya, na zinaota zikifuata mfereji wa zamani kama mzabibu unavyofuata waya. Kasi yake ni takriban milimita moja kwa siku, yaani sentimita 3 hivi kwa mwezi. Mwenye kisukari, mzee au mvutaji wa sigara aende akijua kwake inaweza kuchelewa zaidi.

Watu wengi wana mchanganyiko wa yote mawili, ndiyo maana kuna nafuu ya haraka, halafu ule ukimya, halafu nafuu ya pili.

Shida ni msuli. Ngozi inaweza kungoja neva muda mrefu. Msuli ukikosa neva kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu unaanza kugeuka mafuta na kovu, hata neva ikifika hauamki. Kwa hiyo swali la mleta uzi kuhusu muda kabla ya kisu ndilo swali lenyewe.

Kipimo cha nyumbani: gonga taratibu kwa ncha ya kidole juu ya njia ya neva, ukianzia kiganjani kupanda kiwikoni. Panapotoa shoti kwenda kidole cha mwisho ndipo nyuzi zilipofika. Weka alama ya kalamu. Mwezi ujao rudia. Pakishuka kuelekea kiganjani, kazi inaendelea hata kama kidole bado kizito.

Mtu wa Makulu (mleta uzi)

Nimepima sasa hivi kwa futi ya fundi. Kutoka kovu hadi mwanzo wa kiganja ni sentimita 27. Kwa hesabu yako ni miezi tisa kabla kiganja hakijaamka, na vidole bado. Shemeji nimemsomea, amenyamaza.

Mwalimu Mstaafu, Kondoa

Wanangu, mimi yangu ilikuwa neva ya mediani, pale kwenye kifundo cha mkono. Hiyo inashika dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Nina kisukari pia. Kwa kuwa palipobanwa ni karibu na vidole, safari ni fupi, nikaanza kushika chaki mapema kuliko nilivyotegemea. Kilichochelewa ni maumivu ya kiganja chenyewe, pembeni ya kovu, nikikandamiza kitu kama kitasa au kibao cha chapati. Yalichukua miezi, yakaisha yenyewe. Wenye sukari, ipimeni wakati wa kupona, msiiachie.

Mkulima wa Zabibu, Hombolo

Niseme ambalo wengi hawapendi kulisema. Si kila neva ya kiwiko imebanwa na meza au dirisha. Yangu ilikuwa nene hadi unaishika kwa vidole, na nilikuwa na baka mgongoni lisilosikia mbu. Ukoma. Sisi wa Hombolo neno hilo halitutishi sana, tumeishi na kituo cha wakoma miaka mingi. Nilipewa dawa za vidonge, bure, pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe wa neva, na baadaye nikapasuliwa kuiachia nafasi. Kama una ganzi na baka la ngozi, mwonyeshe daktari vyote viwili.

Vidole vyangu viwili vilikunja kama vinashika kamba na havikunyooka. Nilihamishiwa kano kutoka msuli mzima. Sasa mkasi wa kupogolea naushika, msimu wa Machi nilifanya shamba lote.

Mtu wa Manyoni

Mimi nilikuwa kwenye ule ukimya ambao haukuisha. Alama ya kugonga ilikaa palepale mwezi baada ya mwezi. Nilirudi, nikapelekwa Dar kupimwa umeme wa neva, ikaonekana bado kuna mahali panabana juu kidogo ya kiwiko. Nikafunguliwa tena, safari hii neva ikahamishiwa mbele ya kiwiko. Alama imeanza kushuka.

Mtu wa Makulu (mleta uzi)

Asante sana wakuu. Dada fundi, sarafu ulianza nazo lini, kabla hata hujahisi kitu au baadaye?

Fundi wa Majengo

Baadaye, ncha ya kidole ilipoanza kujua imeguswa. Kabla ya hapo ni bakuli la uwele tu, ukiangalia kwa macho. Na usitumie mchele, kuku wako wataumwaga.