Zimwi hutambuliwa kwa umbo, kwa tabia au kwa kanuni?

Mchezakete: Kitabu cha mazimwi cha mchezo wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons, toleo la 5 la mwaka 2014, kinahesabu kuwa zimwi kiumbe chochote ambacho mchezaji anaweza kukutana nacho na pengine kupigana nacho. Kwa hiyo chura yumo, na hata walinzi na makuhani, ambao ni binadamu wa kawaida, wamo pia. Ngano hazina ukarimu wa namna hiyo. Je, maana hizi mbili zina uhusiano wowote?

Bin Hekaya: Uhusiano upo, ila umefichwa ndani ya orodha. Maana pana ni ya kurahisisha kazi ya msimulizi anayeendesha mchezo, ambaye anahitaji jina moja kwa kila kiumbe anachokiongoza. Chini yake kuna aina 14 za viumbe, na mojawapo imetengewa viumbe vilivyokiuka maumbile, wakiwemo Minotaur na Medusa, mwenye nyoka badala ya nywele. Hapo ndipo mchezo unapokutana na ngano, kwa sababu zimwi la ngano aghalabu huvunja mpaka: Minotaur ni mtu mwenye kichwa cha fahali, na mnyonya damu hayuko hai wala hajafa.

Hata hivyo, ngano huliachia zimwi jambo ambalo michezo mingi hulinyima, nalo ni uwezo wa kuhusiana na mtu. Kappa wa Japani, ambaye huzamisha watu mitoni, akiinamiwa kwa heshima hana budi naye kuinama, na maji yanayompa nguvu humwagika kutoka utosini. Wahenga nao walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi lililopewa kiwango cha uhai na silaha tu halina nafasi ya kukujua, ingawa Undertale, mchezo wa mwaka 2015, unakuruhusu kufika mwisho bila kuua hata moja.

Kalamu Kavu: Hoja ya mpaka naikubali nusu. Ganesha, mungu wa Wahindu, ana kichwa cha tembo, naye huabudiwa. Chiron wa ngano za Wagiriki, nusu mtu nusu farasi, alimlea shujaa Achilles. Joka la Wachina huombwa mvua, ilhali joka la Ulaya huchomwa mkuki. Mchanganyiko wa maumbile peke yake haumfanyi yeyote kuwa zimwi, mpaka awe tishio kwa wale wanaosimulia habari zake. Grendel, zimwi la utenzi wa kale wa Kiingereza uitwao Beowulf, hakupewa hata nafasi ya kueleza kwa nini kelele za karamu zilimuudhi.