Brashi zinakuwa ngumu shinani kabla kazi haijaisha, nakosea wapi?

Pembe_ya_Dari:
Wakuu, napaka nyumba ya vyumba vitatu mwenyewe, jioni na wikiendi. Kuta ni rangi ya maji, milango na grili rangi ya mafuta. Brashi ya inchi 4 na ya inchi 2 zimekuwa ngumu shinani ndani ya wiki mbili, na huwa naziosha kila usiku. Nywele zimetanuka, mstari wa kwenye dari haunyooki. Ya mafuta naisimamisha ndani ya kopo la mafuta ya taa. Nakosea wapi?

Fundi Msasa:
Mkuu, unaosha ncha, ugonjwa uko pale nywele zinapoingia kwenye bati. Rangi hupanda hadi humo, inaganda, halafu inazisukuma nywele nje. Ndiyo maana inafumuka.

Kabla hujaigusisha rangi, iloweshe: ya rangi ya maji kwenye maji, ya mafuta kwenye tapentaini. Ikung'ute mpaka isidondoshe. Shina likishashiba, rangi inakosa pa kupanda. Chovya theluthi ya urefu wa nywele, isizidi nusu. Na usichovye kwenye ndoo ya lita 20. Mimina kidogo kwenye kopo, kina cha vidole viwili. Kwa joto la Dar au Tanga rangi ya maji huanza kukauka shinani brashi ikiwa bado mkononi, kwa hiyo kazi ikiwa ndefu simama katikati uisuuze.

Kuosha: kwanza kamua rangi kwenye ukingo wa kopo, kisha ifute kwenye gazeti hadi iache alama hafifu. Ndipo maji na sabuni ya kawaida. Zipanue nywele, binya kwa kidole gumba kutoka kwenye bati kwenda nchani. Utaona maji meupe kama maziwa yakitoka shinani hata kama yanayochuruzika nchani ni safi. Hayo ndiyo yanayokuulia brashi. Ya inchi 4 inaweza kula dakika tano nzima. Chana kwa kitana cha meno mapana, kung'uta, ining'inize ncha zikitazama chini. Ukiisimamisha ncha juu ikiwa mbichi, mabaki yote yanarudi kwenye bati, na bati linashika kutu.

Grili na Vanishi:
Nyongeza kwa ya mafuta. Kuisimamisha kwenye kopo kunapinda ncha, na mafuta ya taa yanayobaki kwenye nywele yanachelewesha rangi kukauka. Toboa mpini, pitisha waya, ulaze waya juu ya mdomo wa kopo ili nywele zisiguse kitako.

Kama kesho unaendelea na rangi ileile, usioshe kabisa. Itumbukize kwenye maji, yafunike nywele zote. Rangi ya mafuta hukauka kwa kukutana na hewa, na maji yanaizuia. Asubuhi kung'uta, ifute kwa kitambaa hadi ikauke maji, endelea. Usiku mmoja tu, siyo wiki.

Kazi ikiisha, tumia makopo matatu ya tapentaini, kama mililita 150 kila moja: la kwanza litoe uchafu, la pili lisafishe, la tatu lisuuze. Malizia na sabuni. Kopo la kwanza lifunike siku mbili, rangi itazama. Mimina ile safi ya juu utumie tena. Petroli achana nayo, mvuke wake unafuata jiko. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta vitandaze nje vikauke, usivirundike: vinajipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka.

Pembe_ya_Dari:
Nimeelewa. Nikienda kula je? Na hizi zilizoharibika?

Fundi Msasa:
Kula tu, ifunge ndani ya pakiti tupu ya maziwa iliyooshwa, bana mdomo kwa mpira, iweke kivulini. (Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, pakiti inatosha.)

Iliyogandiwa na rangi ya maji: pasha siki, loweka nywele nusu saa, chana. Ikikataa, ibakize ya kupangusia vumbi baada ya msasa. Ukinunua nyingine, ya rangi ya maji chukua yenye nywele za plastiki. Zile za nguruwe hunywa maji na kulegea, zibakize kwa milango.