Naomba ushauri: ua na banda la mbuni, Malindi

Salaam wakubwa kwa wadogo. Nina ekari mbili huku Ganda, mchanga mtupu na mikorosho, nataka kufuga mbuni: dume na majike wawili. Leseni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, naifuatilia. Kinachonitatiza ni ua. Seng'enge ya miba sitaki, itawachana ngozi. Wavu wa kuku nao, ndege wa kilo mia na zaidi ataupasua akikurupuka. Upande mmoja nimeshaweka waya wa matundu, futi sita. Fundi anashauri nguzo za mkalitusi, ila mchwa wa huku mnawajua wenyewe.

Waliofuga, nisaidieni: futi sita zatosha, au niongeze? Na masika ikipiga, paa la makuti bila kuta litawafaa, au vifaranga watanifia kwa unyevu?