X ya kijani ukutani: je, ardhi yangu imetwaliwa au haijatwaliwa?

Tofali Bichi:
Wakuu, naomba mwongozo. Nyumba yangu iko mita 26 kutoka katikati ya barabara kuu, na niliijenga wakati hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara, ilikuwa mita 22.5 kila upande. Hifadhi ilipopanuliwa hadi mita 30 kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, majirani walio mbele yangu, ndani ya zile mita 22.5, walipigwa X nyekundu wakabomoa bila malipo, nami nikapigwa X ya kijani na kuahidiwa fidia eneo litakapohitajika. Hadi leo hajafika mthamini. Benki imekataa hati yangu kuwa dhamana, mpangaji wa fremu ya duka amehama, na nikiomba kibali cha kuezeka upya naambiwa nisubiri. Je, huku si kutwaliwa ardhi kimyakimya?

Wakili wa Mtaani:
Ndugu mleta mada, kisheria bado wewe ni mmiliki. Ibara ya 24 ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu kunyang'anywa mali bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili, na katika kesi ya Akonaay ya mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara hiyo. Ugumu wako uko kwingine: Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, la sivyo riba ianze kuhesabiwa, na ikipita miaka 2 uthamini urudiwe. Wewe hujathaminiwa, kwa hiyo muda huo wote haujaanza.

Mthamini Mstaafu:
Naongeza jambo ambalo wengi hawalioni. Jengo huthaminiwa jinsi lilivyo siku ya uthamini, uchakavu ukiwa umeondolewa, kwa hiyo paa unalozuiwa kuliezeka leo ndilo litakalokupunguzia fidia kesho. Vivyo hivyo, hasara ya biashara hukokotolewa kwa faida halisi ya mwezi mara 36, kwa kutazama hesabu. Fremu ikiwa tupu, mara 36 ya sifuri ni sifuri. Anayezuia ndiye atakayelipa kidogo, na hilo kwangu si haki hata kidogo. Piga picha, tunza mikataba ya pango na kila barua ya kukataliwa kibali.

Mama Fremu:
Tusiwe wepesi kulaumu. Serikali haiwezi kununua leo kila ukanda wa barabara itakayopanuliwa baada ya miaka mingi, na ikiwaacha watu wajenge ghorofa humo, fidia itameza fedha za lami yenyewe. Ninachokubali ni kwamba katazo lisilo na ukomo halivumiliki.

Wakili wa Mtaani:
Mama, hapo kwenye ukomo ndipo penye hoja, na ndiyo ningeipeleka mahakamani kuliko kudai kwamba ardhi imeshatwaliwa. Mleta mada, anza kwa barua ya kuomba ama uthamini ama kibali cha ukarabati, ipigwe mhuri wa kupokelewa na nakala ubaki nayo. Ukikosa jibu, kumbuka kwamba kabla ya kuishtaki Serikali unatakiwa kutoa notisi ya siku 90.